Mkutano wa kijiji uko wazi, muhtasari umefungiwa kabatini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongelee hii ishu ya mikutano mikuu ya vijiji, maana kila nikisoma habari ya mgogoro wa ardhi nakuta kiongozi anasema wananchi walishirikishwa, mkutano ulifanyika na muhtasari upo. Sawa upo, ila nani kauandika, kauandika lini, na kuna mwanakijiji gani aliyeusoma kabla haujapelekwa wilayani?

Kijijini kwetu (sikitaji kwa sababu suala bado halijaisha) kuliitishwa mkutano mkuu wa kuchangia mabati ya darasa. Watu walijaa kweli, likapitishwa daftari la mahudhurio, kila mtu akaandika jina lake akasaini na pembeni akaandika atatoa shilingi ngapi, huyu 5,000 yule 2,000, mama yangu hajui kuandika akaweka dole gumba na mimi ndo nikamwandikia 3,000 yake. Imepita kama miezi 4 hivi akatokea mtu na wapimaji kwenye eneo letu la malisho, heka kama 40, anasema kapewa na kijiji kihalali. Tukauliza kapewa na nani, tukaonyeshwa fotokopi ya muhtasari inayosema mkutano mkuu umeridhia kwa kauli moja na nyuma yake yameambatanishwa majina yetu. Majina ni yetu kabisa, saini zetu, dole la mama lipo. Ila karatasi imekatwa upande wa kulia, na kwenye mistari michache ukiangalia vizuri unaona sifuri mbili zimebaki ukingoni. Zile sifuri ni hela za mabati!

Nimekaa na hii sheria mwaka mzima sasa, nimeisoma mwenyewe na nimeomba watu wanaoijua wanieleweshe, na kiukweli sio sheria mbaya. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 inasema mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea na ndo wenye mamlaka ya juu kijijini, na unatakiwa ukae kila baada ya miezi 3. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya 1999 nayo inasema halmashauri ya kijiji isigawe ardhi bila kibali cha mkutano mkuu, na kila mkutano wa kawaida ukikaa itoe taarifa ya ardhi ya kijiji inavyosimamiwa. Hata serikali ikitaka kuhamisha ardhi ya kijiji iwe ardhi ya jumla, yaani itoke mikononi mwa kijiji isimamiwe na serikali kuu, kama haizidi hekta 250 mkutano mkuu ndo unakubali au unakataa, ikizidi hapo Waziri ndo anaamua baada ya kupata mapendekezo yetu. Hapo mwananchi wa kawaida kapewa nguvu kubwa kweli.

Shida inaanzia watu wakishatawanyika. Sisi tulikuwa pale chini ya mwembe tumesikia kila kitu kwa masikio yetu, ila huko wilayani na mahakamani hawakuwepo, wao wanaangalia karatasi, na karatasi inaandikwa na mtendaji wa kijiji ofisini baada ya sisi kurudi kwenye mashamba. Kwa hiyo wazi ni mkutano tu, ile karatasi inayobeba uamuzi wetu hatuioni. Watu watasema mbona muhtasari unasomwa na kuthibitishwa mkutano unaofuata, ndiyo, kwenye ajenda imeandikwa hivyo, lakini kila aliyewahi kukaa kwenye hii mikutano anajua inavyokwenda, mwenyekiti anasema jamani muda umekwenda tuuchukulie kama umesomwa, watu wanaitikia, inapita. Na hiyo ni kama mkutano unaofuata umeitishwa, maana kwetu ilishapita miezi 9 bila mkutano na sijaona mtu aliyewajibishwa kwa hilo.

Halafu kuna hii kitu inaitwa mengineyo, ile ajenda ya mwisho ya mambo ambayo hayakuorodheshwa. Jambo zito linaletwa mwishoni kabisa, jua linazama, kina mama wameshaondoka kuwahi kupika, wamebaki watu 30 wanaulizwa wanakubali au hawakubali jambo ambalo halmashauri ya kijiji ilishalimaliza kwenye kikao chake cha ndani, yaani mkutano unaitwa kuja kubariki tu. Ukihesabu mahudhurio unakuta watu 180 maana wote walisaini asubuhi. Hapo mkutano ulikuwa wazi, hakuna aliyezuiwa kuingia, na bado waliosaini wengi hawakuamua chochote.

Mimi nilikwenda kuomba nakala ya muhtasari nikaambiwa hizo ni nyaraka za serikali sio za kila mtu. Nikarudi na barua nikataja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, ambayo inamtaka mwenye taarifa anijibu ndani ya siku 30. Siku 30 zimepita, 60 zimepita, kimya. Wenzangu wakasema twende mahakamani basi. Tukaenda kuuliza kwa mwanasheria, akatuambia tangu sheria ilivyobadilishwa 2020 ukitaka kuishtaki serikali ya kijiji inabidi utoe notisi ya siku 90, umuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na kesi ifunguliwe Mahakama Kuu. Mahakama Kuu! Kwa malisho ya heka 40, watu wanaouza mbuzi kupata nauli. Naelewa serikali inahitaji muda wa kujiandaa na kesi, ila hizo siku 90 za kusubiri yule mtu anaendelea kuweka nguzo za fensi, na sisi wa kumzuia hatuna.

Ndo maana nasema tusidanganyane kwamba kuitisha mkutano wa hadhara kunatosha. Mimi nachoomba ni kidogo na hakihitaji bajeti. Maazimio yaandikwe palepale kwenye mkutano na yasomwe kwa sauti kabla mtu hajanyanyuka, halafu yapigwe picha yawekwe kwenye grupu la WhatsApp la kijiji na yabandikwe kwenye mbao za matangazo siku hiyohiyo. Ajenda na tarehe ziandikwe juu ya kila ukurasa wa mahudhurio kabla ya saini ya kwanza, ili karatasi ya mabati ibaki kuwa ya mabati. Na jambo la ardhi lisipokelewe kabisa kwenye mengineyo. Mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya anaweza kuyaagiza haya kwa barua moja kwenda kwa watendaji wote wa vijiji, sioni kwa nini tusubiri Bunge.

Sisi tumeshaanza wenyewe. Mkutano uliopita kina mama wa kitongoji chetu waligoma kusaini daftari mpaka mmoja wao alipochukua kalamu akaandika juu ya ukurasa "mkutano wa maji ya kisima, hakuna ajenda ya ardhi", na watu wakachora mstari chini ya jina la mwisho ili lisiongezwe jingine. Mtendaji hakufurahi ila alilipokea. Mama yangu aliweka dole gumba baada ya kusomewa hayo maneno mara mbili.

Wako,
Mkulima na msomaji wako,
Morogoro