Daktari mpya wa patholojia asipangiwe kazi peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo kuhusu madaktari bingwa wapya wa patholojia, wale wanaosoma vinyama vya wagonjwa kwa darubini na kuutaja ugonjwa, na mishahara yao ya kwanza. Mimi si daktari. Ni mteknolojia wa maabara mstaafu, na kazi yangu ilikuwa histolojia, yaani kuviandaa vinyama vinavyokatwa kwa wagonjwa mpaka viwe slaidi za kusomwa kwa darubini. Nilianza serikalini, nikamalizia maabara binafsi hapa Dar es Salaam, na hadi leo vijana wanaokaribia kumaliza masomo hunipigia simu. Swali lao la kwanza huwa lilelile: "Mama, pale wanalipa shilingi ngapi?"

Silidharau swali hilo. Kijana huyo amesoma udaktari miaka 5, akafanya mafunzo ya vitendo mwaka 1, kisha akarudi darasani miaka 3 kusomea ubingwa. Anapomaliza ana watoto, wazazi wamezeeka, wadogo zake wanasubiri ada. Mtu wa hivyo akiuliza mshahara hana tamaa, ana majukumu.

Ila napenda apige hesabu mpaka mwisho. Tuchukue laki moja, ile ya nyongeza inayomfanya aache hospitali hii aende ile. Kama mshahara wake umeshapita milioni moja na ni mtumishi wa umma, katika laki hiyo mfuko wa pensheni, PSSSF, unachukua 5,000, bima ya afya, NHIF, 3,000, Bodi ya Mikopo 15,000 ikiwa bado anadaiwa, na kodi ya asilimia 30 inakatwa kwenye kinachobaki baada ya mchango wa pensheni, yaani 28,500. Mkononi zinafika 48,500. Kwenye sekta binafsi makato yana majina mengine, lakini matokeo hayapishani sana. Nawaomba vijana wakae na karatasi wafanye hesabu hiyo kwa kila tofauti ya mshahara wanayoambiwa, halafu wajiulize wanaacha nini ili waipate.

Nieleze wanachokiacha, kwa sababu wasomaji wengi hawajawahi kuona kinachotokea kati ya kukatwa kinyama na kupewa majibu. Kinyama kinatumbukizwa kwenye formalini ili kisioze. Hapo pana masharti: cha titi kikikaa chini ya saa 6 au kikapita saa 72, vipimo vya homoni vitakavyofuata vinaweza kudanganya. Kinalala usiku kwenye mashine kikiondolewa maji, kinagandishwa ndani ya nta kuwa bloku, kisha sisi tunakikata kwa mikrotomu, mashine yenye kisu kikali, vipande vyembamba vya mikroni 4 hivi, yaani sehemu 4 za elfu za milimita. Kipande kinabandikwa kwenye kioo, kinatiwa rangi ya hematoksilini na eosini, ndipo daktari anakaa nacho. Kuanzia hapo hakuna mashine inayomwambia jibu. Ni macho yake, kumbukumbu yake, na sahihi yake. Sahihi hiyo ndiyo daktari wa upasuaji anayoisoma kabla ya kuondoa titi au kuliacha.

Miaka mitatu ya chuo inampa kijana msingi mzuri. Nimefanya kazi na waliotoka MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili kilichoko Upanga, na najua wanavyopikwa pale. Lakini jicho linaendelea kukomaa baada ya chuo, na linakomaa haraka zaidi kwenye darubini ya vichwa viwili, ile ambayo watu wawili wanaangalia slaidi moja kwa wakati mmoja. Mdogo anasema anachokiona, mkubwa anamwambia, "Rudi kushoto kidogo, hapo ulipita." Sentensi hiyo fupi nimeisikia tangu nikiwa msichana kazini, na sijui chuo gani kinaweza kuiuza kwa ada.

Nitoe mfano. Katika maabara moja binafsi hapa mjini aliletwa daktari kijana aliyetoka kufaulu mtihani wake wa mwisho. Mshahara wake ulikuwa mkubwa kuliko wa waliomfundisha. Chumba chake kilikuwa na kiyoyozi na darubini mpya, lakini ya mtu mmoja, na bingwa mwingine hakuwepo. Siku moja ikaletwa tezi ya shingo ya mtoto. Kule mtoto alikotoka alikuwa ameshameza dawa za kifua kikuu (TB) kwa miezi na uvimbe haukupungua. Anayeijua nchi yetu hashangai: TB ya tezi ni nyingi, na mtoto akivimba shingo ndiyo inayofikiriwa kwanza. Lakini kuna saratani iitwayo limfoma ya Hodgkin ambayo nayo huanza vivyo hivyo, na seli zake zenyewe ni chache mno, zimetawanyika katikati ya umati wa seli za kawaida za kinga. Ni rahisi kuzipita.

Dokta aliiangalia ile slaidi asubuhi, akairudia mchana. Akanifuata kwenye mikrotomu: "Mama, nikatie tena, shuka chini zaidi kwenye bloku." Nikamkatia. Safari hii aliona seli kubwa zilizomtia shaka, ila ili athibitishe alihitaji vipimo vya kingamwili, vile vinavyotia rangi seli za aina fulani tu, viitwavyo CD30 na CD15, ambavyo pale havikuwepo. Meneja alitaka majibu yatoke, kwa kuwa mzazi alishalipa na siku zilikuwa zimepita. Akamwuliza kwa nini asiandike tu kwamba inaendana na TB. Kijana hakuandika. Jioni alitia bloku na slaidi kwenye bahasha, akapanda daladala kwenda Upanga kwa mwalimu wake. Wakakaa pamoja kwenye darubini, vipimo vikafanyika, ikawa Hodgkin kweli. Mtoto akaanzishiwa dawa za saratani, na hiyo ni saratani ambayo watoto wengi hupona wakitibiwa ipasavyo.

Hilo la bahasha nalifikiria mara nyingi. Mtoto yule alitegemea mambo mawili ambayo hayakuandikwa kwenye mkataba wowote: kwamba daktari wake alikuwa bado na mtu wa kumwendea, na kwamba alikuwa na ujasiri wa kumwendea kwa nauli yake huku bosi amekunja uso. Angekuwa amepangwa mkoa wa mbali, daladala ya kwenda Upanga angeipata wapi?

Baadaye alihama, akaenda hospitali yenye mabingwa wakubwa, kwa mshahara mdogo kuliko ule. Mkewe alinung'unika, na nilimwelewa. Lakini nami nilimwambia kijana yule mbele ya watu kwamba amefanya vizuri, na ningemwambia hivyo tena leo.

Lipo jingine linalowavuta vijana wa hapa mjini: kulipwa kwa kila sampuli. Asubuhi yuko maabara ya Kariakoo, mchana yuko nyingine, jioni foleni ya Barabara ya Mandela inamkuta akielekea ya tatu. Fedha zinaonekana, sikatai. Tatizo ni kwamba uvimbe usio na madhara wa titi, ambao bingwa huweza kuutambua kwa dakika chache, unalipwa sawa na tezi ile ya mtoto iliyohitaji siku kadhaa na bloku kukatwa upya. Malipo ya namna hiyo yanamzoesha kijana kuharakisha katika miaka ileile ambayo angepaswa kujifunza kusita. Mkubwa aliyekwisha komaa anaweza kuyamudu. Kwa anayeanza, naona ni hatari, na wenye maabara wanajua.

Vijana hunitajia Marekani. Ni kweli, daktari wa patholojia anayeanza kazi kule kwa kawaida hulipwa zaidi ya dola 200,000 kwa mwaka, na hapa kwetu fedha hiyo hatutaiona karibuni. Lakini naomba waitazame picha nzima. Kule, baada ya shule ya udaktari, anayesomea patholojia ya tishu na ya maabara kwa pamoja hutumia miaka 4, na wengi huongeza mwaka mmoja au zaidi wa kubobea kwenye eneo moja kabla ya ajira ya kwanza. Akianza kazi, mara nyingi anaingia kwenye kundi la wenzake, na katika vituo vingi si ajabu saratani mpya kusomwa na macho ya mtu wa pili kabla ya majibu kutoka. Kwetu kijana anamaliza miaka 3, na wiki chache baadaye anaweza kuwa peke yake na hatima ya watu mkononi. Mshahara wa Marekani hatuna. Macho ya mtu wa pili tunaweza kuwa nayo, kwa sababu yanahitaji mpango zaidi ya fedha.

Nisieleweke kwamba nataka wote wabanane Dar es Salaam. Wachache tulio nao hawatoshi. Katika nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara bingwa mmoja wa patholojia anahudumia zaidi ya watu nusu milioni. Na mikoani kuna elimu ambayo hapa haipatikani kwa wingi huo. Anayekwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, ataona saratani ya kibofu yenye mayai ya kichocho ndani yake. Anayekwenda hospitali ya KCMC, Moshi, atakutana na saratani ya umio, yaani njia ya chakula, mpaka aizoee. Hayo nayapenda, na ningekuwa na mtoto bingwa ningemwambia aende. Huko atawakuta wakubwa.

Ninayemhofia ni yule anayepelekwa hospitali ya mkoa kuwa bingwa wa kwanza na wa pekee. Nimeona yanayofuata. Hakuna mteknolojia wa histolojia, hakuna visu vya mikrotomu, parafini imeagizwa haijafika. Baada ya muda, kwa kuwa ni daktari na yupo, anapangiwa kliniki ya kawaida. Polisi wanamwita kwenye uchunguzi wa maiti, mahakama inamwita kutoa ushahidi. Mwaka wa pili anakuwa mganga mfawidhi, anasaini vocha na kukaa vikao. Hakuna aliyemwonea, kila mmoja alikuwa na shida ya kweli na yeye alikuwa karibu. Lakini taifa limetumia miaka 9 kumwandaa, na darubini imefunikwa kitambaa.

Wengine wanasema simu zimemaliza tatizo hilo: kijana apige picha kupitia lenzi ya darubini amtumie mwalimu. Inasaidia, nimeshuhudia mara nyingi, na naunga mkono iendelee kwa utaratibu unaolinda siri za wagonjwa. Ila picha inaonyesha pale tu kijana alipochagua kupiga. Kile alichokipita hakimo kwenye picha, na mwalimu wa mbali hawezi kumwambia arudi kushoto kidogo.

Kwa hiyo ninaloomba kwa Wizara ya Afya, TAMISEMI inayosimamia hospitali za mikoa, na wamiliki wa hospitali binafsi ni hili: bingwa mpya wa patholojia asipangiwe kituo peke yake. Wapangwe wawili wawili, ikiwezekana mmoja awe mkongwe, na waende na mteknolojia wao. Pale ambapo wawili hawapatikani, kijana akae kwanza miaka miwili kwenye hospitali ya kanda au ya taifa, ndipo aende mkoani, na akienda alipwe posho inayolingana na uzito wa kuwa peke yake. Huko ndiko ningependa fedha za nyongeza zielekezwe. Aidha, matangazo ya kazi yaseme zaidi ya mshahara. Yaseme kuna mabingwa wangapi, kuna vipimo gani vya kingamwili, nani anaandaa slaidi. Kwa bingwa wa patholojia hayo ni sehemu ya masharti ya kazi kama ilivyo likizo.

Na kwenu wanangu mnaomaliza mwaka huu: kabla ya kusaini mkataba, ombeni kuingia maabara yenyewe. Msiishie ofisini kwa meneja. Muulizeni mteknolojia formalini inatoka wapi na huisha mara ngapi. Atawaambia ukweli, sisi huwa hatuna sababu ya kuficha. Ombeni kuona slaidi za wiki iliyopita, mtaona zimekatwaje. Kisha ulizeni nani atasoma slaidi ngumu pamoja nanyi. Mkiambiwa hakuna, ombeni iandikwe ndani ya mkataba siku moja kila wiki ya kwenda kukaa kwenye darubini ya hospitali kubwa iliyo karibu, bila kukatwa mshahara. Mwajiri akikubali, hata kama analipa pungufu ya mwingine, nendeni. Akikataa, nipigieni tena kabla hamjasaini.

Mteknolojia wa maabara mstaafu,
Tabata, Dar es Salaam