Kile kitanda cha Baraka

Mpendwa Nekesa,

Salamu nyingi kutoka Manyatta, Kisumu, zikufikie wewe, Baba Baraka na Baraka mwenyewe. Ningeandika "natumai u buheri wa afya kama nilivyo mimi", vile tulivyokaririshwa darasa la saba, ila mimi buheri ilishaniaga kitambo. Miguu imefura kama maandazi ya Mama Benta (presha wamenipima, iko sawa, usianze), kiungulia hakinipi nafasi, na usiku nageuka kitandani kama gari linalotafuta pa kuegesha.

Simu iliangukia ndani ya beseni la kufulia ikafa, ndiyo maana unaona mwandiko wangu wa zamani. Anayekuletea barua ni Otis. Anakuja huko Nakuru kuchukua viazi, anarudi Alhamisi. Shika hapo kwanza, hiyo Alhamisi nitairudia.

Nimekunyamazia tangu Krismasi na sababu unaijua. Zile elfu mbili ulizonikopesha. Kila nikitaka kukupigia nasema acha nizipate kwanza, nisipige simu mikono mitupu, na miezi nayo haingoji mtu. Sasa mimba iko wiki ya 34 na bado sina elfu mbili, na badala ya kulipa nimekuja kuomba. Cheka, halafu endelea kusoma.

Madhumuni ya barua hii ni kitanda. Kile cha mbao, cha Baraka. Akoth aliniambia alipokuja kwako Pasaka alikikuta pale koridoni kimejaa vitunguu. Nekesa, vitunguu! Kitanda ambacho Baba Baraka alikipiga msasa wiki nzima mpaka ukamtishia kwamba utalala nacho wewe. Naomba uniazime. Si kuninunulia, si kunipa. Kuniazima tu, na nitakueleza kwa nini neno hilo lina uzito hapa kwetu.

Mama mkwe amekuja kutoka Bondo. Ni mtu mzuri, anapika vizuri, lakini ana sheria moja: mtoto ambaye hajazaliwa hanunuliwi kitu. Hata soksi. Amesema hivyo siku ya kwanza hata kabla hajavua viatu. Nami wakati huo nina mfuko mzima wa nguo za mtoto chini ya kitanda, za mtumba, kutoka soko la Kibuye. Nilienda Jumapili alfajiri, robota likafunguliwa nikiwa nimesimama pale pale, nikachagua kamera, yaani zile safi za kwanza, kabla wale wa bei ya jumla hawajafika. Vesti sita, ovaroli nne, shali mbili, moja ya manjano ina doa dogo la chai ambalo nimeshalishonea ua juu yake. Zote shilingi 480. Mfuko nimeuhamishia kwa Mama Benta usiku, kama mwizi. Kwa hiyo kitanda kikinunuliwa kitaleta maneno, lakini kikiazimwa ni mali ya Baraka, kimekuja kutembea tu. Nilimuuliza Mama kwa mzunguko, nikamwambia kuna rafiki yangu ana kitu cha mtoto wake anataka kukiweka kwetu kidogo. Akafikiria, akasema, "Cha kuwekewa si cha kununua." Hiyo ndiyo ruhusa, na nimeikamata.

Usidhani sikujaribu kwingine. Fundi mmoja hapa Kibuye alitaka 6,500, bila godoro. Kwenye duka la mjini hata sikuuliza, nilisoma kile kikaratasi cha bei nikatoka nje taratibu. Bajeti yetu yote ni 5,000, zamu yangu ya chama, na ndani yake imo rangi, godoro, pazia na beseni.

Kuhusu rangi sasa. Unajua chumba chetu, futi 10 kwa 12, pazia katikati. Ile kona ya dirishani iliyokuwa na cherehani yangu ndiyo tumempa mtoto. Roho iliniuma, kwa sababu mwanga wa kushona ulikuwa pale. Sasa nashonea mlangoni, na kila anayepita kwenye ploti lazima asimame anishauri jina la mtoto. Ukuta wa ile kona ulikuwa umekaangwa na moshi wa jiko la mpangaji wa kabla yetu. Mume wangu Ouma akaniambia usiwe na wasiwasi, rangi atapata. Jioni akaja na mkebe kutoka mjengo, umebaki nusu, hauna hata karatasi. Ukiufungua macho yanatoa machozi. Nikamwambia sitaki, sista wa kliniki alituambia tununue rangi iliyoandikwa kwamba haina risasi. Ouma akaniangalia. "Nani amesema rangi ina bunduki?"

Nilicheka mpaka mtoto akanipiga teke. Lakini si mchezo. Ile risasi ya kwenye rangi ni madini yenye sumu, inabanduka pamoja na rangi, inakuwa vumbi, mtoto anatambaa, anatia vidole mdomoni, ikiingia kwenye damu inaenda kuharibu ubongo, na huioni wala huinusi. Mkebe ulirudi ulikotoka. Tukanunua lita moja ya rangi ya maji, ya krimu, imeandikwa vizuri. Ouma akapaka, mimi nikalala kwa Mama Benta usiku mbili, madirisha wazi. Ikatosha kona ile tu, kwa hiyo chumba chetu sasa kina ukuta mmoja na robo wa matajiri, na kwingine ni kwetu kama kawaida.

Basi naomba nikuulize bila wewe kukasirika: kile kitanda mlikipaka nini? Nakumbuka kilikuwa cheupe. Je, ilikuwa rangi ya dukani ama ya mkebe wa kuokota? Kama hukumbuki, tutaihesabu kuwa ni ile mbaya, na Ouma hatakigusa kwa msasa. Na kama unajua ni ile mbaya, niambie tu ukweli, tusianze kurusha vumbi lake. Tutapanga mengine.

Rafu nayo ni hadithi. Ouma alipata makreti mawili ya nyanya pale soko la Jubilee, ya bure, tukayaosha na kuyaanika. Wazo lilikuwa langu: moja la nepi, lingine la nguo, yote juu ukutani ili sakafu ibaki wazi. Akapigilia misumari, akasimama akayatazama kama mtu aliyejenga daraja. Saa nane usiku tukasikia kishindo. Mama mkwe aliruka kutoka kwenye godoro lake akitaja jina la Yesu na la marehemu mumewe kwa pamoja. Ile plasta ya hapa ni mchanga mtupu, msumari unaingia kama kwenye ugali. Sasa makreti yako chini, moja juu ya lingine, yamefungwa kwa kamba kwenye mguu wa kabati yasiweze kuanguka, na nashukuru Mungu kishindo kilikuja kabla ya mtoto. Kitu chochote juu ya kichwa chake sitaki tena. Hata saa ya ukutani nimeishusha.

Mapambo? Nilitenga leso mbili. Ile ya zambarau uliyoniletea harusini nimeifanya pazia, usiniulize kama sikulia nikiipindia. Ile nyingine nimeikata shuka. Leso moja inatoa shuka moja sawasawa ya godoro la mtoto, ukiacha pindo la kukunjia chini na kutia lastiki pembe zote nne. Nimeivuta mpaka imekaza kama ngozi ya ngoma, maana shuka legelege inaweza kumfunika uso. Kisha nilienda Dunga nikanunua kikapu cha mafunjo cha kuwekea vinguo, na mkeka mdogo wa mafunjo hayo hayo wa kukanyagia. Yule mama alitaka 400 nikampa 300 na stori. Mwisho nikakata vipande vya kitenge nikashona samaki watano wa kuning'iniza, ngege watatu na mbuta wawili, nao wanaogelea kwenye ukuta wa kabati, mbali na alipolala. Hivyo ndivyo nilivyo na maonyesho.

Ile picha uliyonitumia kabla simu kufa, ya kitanda cha mtoto kimejaa mito na dubu na kile kizingiti cha sponji pembeni, nimeifurahia kwa macho tu. Sista anasema ndani hakuna kitu. Godoro gumu, shuka, mtoto, basi. Alale chali, mchana na usiku, na kitanda kiwe chumbani mwetu angalau miezi sita ya kwanza. Hilo la mwisho lilinichekesha. Nikamwambia sista, chumba kingine niende kukitafuta wapi?

Na yale mablanketi mawili mazito, Nekesa, nakushukuru, lakini wewe unaongea kama mtu wa Nakuru. Huko asubuhi mnaamka mkitoa pumzi mnaona moshi. Hapa usiku wa manane mimi nalala juu ya shuka na bado nalowa. Nikimfunika mtoto hivyo nitamchemsha. Kinachotusumbua huku ni mbu. Neti walinipa kliniki siku ya kwanza, ile ya dawa. Mwanzo Mama mkwe alitaka tuitie juu ya kitanda chetu tu, eti mtoto atalala katikati yetu. Ouma unamjua akilala, ni kama gunia limeanguka kutoka kwenye lori. Ndiyo maana nimeng'ang'ania kitanda chake mwenyewe, kando ya changu, neti yetu ikishuka ifunike vyote viwili. Nimepima. Inafika, kama kitanda chako hakizidi urefu wa sentimita 125.

Unaona nimerudi palepale. Kila kitu kinarudi kwenye kitanda.

Godoro nimeshatengewa na kijana mmoja anayekata kwa vipimo, haidensiti, ile sponji ngumu, 1,800, lakini hawezi kukata bila kujua ndani ya kitanda ni ngapi kwa ngapi. Likiwa dogo, pembeni panabaki mwanya, na mwanya ndio unaommeza mtoto. Vidole viwili visipite kati ya godoro na mbao, ndivyo tulivyoambiwa. Na mbao zile za wima pia, nafasi kati ya moja na nyingine isizidi sentimita sita. Ndani ya bahasha hii utakuta kipande cha kadibodi. Nimekikata kwa rula, upana wake ni sentimita sita kamili, usikitupe ukidhani ni takataka zangu za kazini. Kipitishe kati ya kila mbao na mbao, zote, usipime moja ukachoka. Kikipita kikiwa kinacheza, nafasi ni kubwa, niambie mapema ili Ouma atafute vibao vya kuongezea.

Haya, Alhamisi. Otis atakuwa na pikapu ya viazi, na juu ya magunia pana nafasi ya kitanda kilicholazwa. Nimeshaongea naye, hataki hela, anataka chapati. Afadhali hiyo kuliko stejini. Unakumbuka ile asali uliyonitumia kwa parseli mwaka juzi, ilivyofika chupa tupu na begi tamu? Mkikifungua vipande mtie misumari na skrubu zote kwenye mfuko, mfuko ufungwe kwenye mguu wa kitanda, si mfukoni mwa Otis. Otis hupoteza hata chenji aliyoishika.

Na kuhusu deni. Nimefikiria hivi: nikushonee. Sare za Baraka za shule, mbili, na koti la mvua lenye bitana, maana hiyo baridi yenu. Kitambaa ninacho. Hilo likipita elfu mbili usinirudishie chenji, likipungua utaniambia. Sipendi tuwe na kitu katikati yetu ambacho hatukitaji.

Sasa nijibu, kwa karatasi hii hii upande wa nyuma ukitaka, Otis atangoja: kitanda bado kizima? Miguu yote minne? Ule ubavu mmoja ulikuwa unashuka, ama nimeuota? Kama unashuka, komeo lake bado linashika au ndilo lililokatika Baraka alipokuwa akiruka? Vipimo vya ndani ni ngapi? Rangi ni ipi? Vitunguu mtaviweka wapi, jamani, nisije nikalaumiwa na Baba Baraka? Baraka mwenyewe umemuuliza? Usimfiche, mtoto wa miaka minne anakumbuka kitanda chake. Mwambie kinaenda kulaliwa na mdogo wake wa Kisumu, kisha kitarudi. Na wewe unakuja lini? Utakuja nikijifungua ama utangoja mtoto ajue kutembea, kama ulivyofanya kwa Akoth? Ile baridi ya kifua iliisha? Na mbona Akoth anasema umenyoa nywele?

Mama mkwe ameamka, anauliza naandika nini kirefu hivi. Nimemwambia naandikia mwenye mzigo wetu wa kuwekewa.

Wako,
Achieng

Hiyo kadibodi ukimaliza kupima, mpe Otis arudi nayo. Ndiyo ninayopimia vifungo.