Siku ya kuhama ufuo isipotee barabarani

Mhariri,

Kila likizo ya Agosti inapofika, familia nyingi za bara, na hata sisi wakazi wa Pwani, huzigawa siku zetu mafungu mawili: siku chache Diani, kusini mwa Mombasa, kisha nyingine Watamu au Malindi, upande wa kaskazini. Kuhusu fukwe zenyewe yameandikwa mengi. Ninaomba nafasi katika ukurasa wako nizungumzie ile siku ya katikati, siku ya kufunga mizigo na kuhama, ambayo huhesabiwa kuwa hasara tupu na ambayo huwaumiza wazee na watoto kwa mambo yanayoweza kurekebishwa.

Aghalabu mgeni hutakiwa kukabidhi chumba saa nne asubuhi, ilhali kule aendako hapokewi kabla ya saa nane mchana. Kwa saa zote hizo familia haina chumba, haina choo wala kivuli cha kujistiri, na ndizo saa ambazo jua la Pwani ni kali zaidi. Kutoka Diani hadi Watamu ni takriban kilomita 140, na dereva aliye peke yake huenda asione tatizo lolote. Mimi nilisafiri na watoto watatu, mdogo wao akiwa na miaka minne, pamoja na mama yangu mzazi ambaye ana umri wa miaka 71 na anaugua kisukari. Mwenye msafara wa aina hiyo hahesabu kilomita, huhesabu vyoo.

Tungeweza kupita barabara ya Dongo Kundu na kuikwepa foleni ya feri ya Likoni, lakini barabara hiyo hutokea upande wa Miritini, na anayekwenda kaskazini bado ana mji mzima wa kuvuka. Watoto waliomba feri, nasi tukawakubalia, wakasimama kutazama meli kubwa ikiingia bandarini huku bibi yao akiwaeleza jinsi marehemu babu yao alivyokuwa akivuka hapo kila siku kwenda kazini. Tulipopita Mtwapa mama alihitaji kujisaidia. Katika kituo cha mafuta tulichosimama tuliambiwa kwamba choo kimefungwa, na kwa kuwa mbele yetu hatukuona choo cha umma, mama alivumilia hadi Kilifi bila kusema neno. Ukimya wake ule ndio ulionisukuma kuandika barua hii.

Kilifi tuliokolewa na magofu ya Mnarani, ambayo yako juu ya jabali upande wa kusini wa mkono wa bahari, karibu sana na daraja. Mlinzi alimwonyesha mama choo na kumtafutia kiti chini ya mti. Watoto walizunguka msikiti wa kale na kaburi la mnara, nami nikawaonyesha pale chini ambapo magari yalivushwa kwa feri kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 1991. Nimepita barabara hiyo mara nyingi mno tangu utotoni, na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia Mnarani. Ninaona aibu kukiri hivyo, lakini ninaamini kuwa si mimi peke yangu.

Baada ya kuvuka daraja na kununua korosho, tuliupita msitu wa Arabuko-Sokoke na kusimama Gedi, mji wa kale ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024. Hapo ndipo siku ilipogeuka. Watoto walifurahi kusikia kwamba nyumba zake zimepewa majina kutokana na vitu vilivyofukuliwa ndani yake, kama vile mkasi, bakuli la kauri na kasha la pembe. Walisimama kwenye kaburi lenye mwaka wa Hijria 802, yaani 1399, kisha wakachungulia kisima ambacho wenyeji walilazimika kukichimba zaidi kadiri maji yalivyozidi kushuka. Kitindamimba wangu aliuliza watu wale walikwenda kunywa wapi, na swali hilo likatushughulisha hadi Watamu.

Ombi langu kwa serikali za kaunti za Kwale, Mombasa na Kilifi ni kwamba barabara hii iwekewe vituo vya kupumzikia vyenye vyoo safi, maji na kivuli, hata kama msafiri atalipa ada ndogo, na kwamba kimoja kijengwe Kilifi kikiwa na vibanda vya wauza korosho na madafu, ili vijana waache kukimbizana na magari kwenye matuta. Vibao vya magofu ya Jumba la Mtwana, Mnarani na Gedi viwekwe mapema barabarani, kwani dereva anayekiona kibao akiwa tayari kwenye njia panda huwa ameshapita. Wenye hoteli nao wangetusaidia sana iwapo wangewaruhusu wazee na watoto kuoga na kupumzika mahali fulani hadi adhuhuri, baada ya kukabidhi chumba.

Likizo ya Desemba haiko mbali, na mama ameshaniuliza tutapitia njia gani.

Mzazi na msomaji wako,
Changamwe, Mombasa