Vifaranga Wanahitaji Joto, na Wanahitaji Pia Mahali pa Kulikimbia

Kila tunapokabidhi boksi la vifaranga wa siku moja, mteja hutuuliza kuhusu chakula na chanjo, na ni mara chache sana anapouliza kuhusu joto. Siku tatu baadaye simu inaingia: usiku wamekufa wanne, waliobaki wamezubaa, je, ni ugonjwa gani huu? Tukishauliza taa imefungwa wapi na boksi lina ukubwa gani, mara nyingi tunabaini kwamba tatizo limeanzia kwenye bruda, yaani boksi au kizimba chenye joto la kulelea vifaranga.

Kifaranga anapoanguliwa huwa na malaika laini tu, ambayo hayawezi kumhifadhia joto kama manyoya kamili ya kuku, na kwa takriban wiki mbili za mwanzo mwili wake haujaweza kujirekebishia joto wenyewe. Kwa mama yake hilo si shida, kwa sababu akisikia baridi huingia chini ya mbawa, na akishapata joto hutoka kwenda kudonoa. Mwendo huo wa kuingia na kutoka ndio unaopaswa kuigwa na bruda ya nyumbani, na hapo ndipo wengi hukosea. Mtu huchukua boksi dogo, huning'iniza taa katikati, kisha kwa huruma hufunika juu kwa blanketi, hata joto likawa lile lile kila pembe. Kifaranga aliyezidiwa na joto ndani ya boksi kama hilo hana pa kwenda, na joto lililozidi humkausha maji mwilini upesi.

Kwa hiyo taa iwekwe upande mmoja wa bruda, na upande wa pili uachwe uwe na ubaridi kiasi. Chini ya taa, katika wiki ya kwanza, joto liwe kati ya nyuzi 32 na 35 za sentigredi, kisha lipunguzwe kama nyuzi 3 kila wiki hadi lifikie karibu nyuzi 21, ambapo vifaranga watakuwa wameota manyoya ya kutosha, kwa kawaida katika wiki ya tano au ya sita. Kupunguza huko hufanywa kwa kuinua taa kidogo kidogo. Kipimajoto kilazwe sentimita 5 hivi juu ya maranda, yaani usawa wa mgongo wa kifaranga, kwa kuwa kile kinachotundikwa ukutani hukuambia habari za ukuta tu. Chakula na maji viwekwe nje kidogo ya mwanga wa taa, maana maji yaliyopata moto vifaranga hawayapendi, na wasipokunywa hata chakula hawali vizuri.

Hata hivyo, vifaranga wenyewe hutoa habari sahihi kuliko kipimajoto. Wakiwa wameridhika hutawanyika, wengine wakila, wengine wamejilaza, na mlio wao huwa mwororo wa hapa na pale. Wakisikia baridi hurundikana chini ya taa na kulia kwa sauti kali isiyokatika. Walio chini ya rundo hukandamizwa wakakosa pumzi, na hao ndio unaowakuta asubuhi wamelala bapa ukadhani wameingiliwa na ugonjwa. Wakizidiwa na joto hukimbilia kingo za bruda, hufungua midomo, hutweta na kushusha mbawa, tena kwa kawaida hunyamaza, jambo ambalo humfanya mfugaji mgeni aamini kwamba wametulia. Wakijikusanya wote upande mmoja usiohusiana na taa, tafuta upepo unakoingilia. Ukibaki na shaka, mshike kifaranga na uguse miguu yake kwenye shavu lako: miguu iliyo baridi ni ya kifaranga aliye baridi. Ni kipimo kisichogharimu chochote, na sisi wenyewe hukitumia kila siku.

Dalili nyingine ambayo watu huiona wakashtuka ni kinyesi kugandamana kwenye njia ya haja. Mabadiliko ya joto, ama kuzidi ama kupungua, ni miongoni mwa visababishi vyake vikubwa. Lowanisha sehemu hiyo kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu hadi uchafu ulainike, wala usiubandue kwa nguvu kwa sababu ngozi hapo huchanika kwa urahisi. Kisha ukague joto la bruda kabla ya kufikiria dawa.

Tunalazimika sasa kueleza kosa letu. Miaka yetu ya mwanzo tuliwahi kuning'iniza taa ya wati 250 kwa waya wake wenyewe wa umeme, tukiwa na hakika kwamba fundo limekaza. Usiku fundo lililegea, taa ikashuka taratibu hadi karibu na maranda, na kilichotuamsha ni harufu ya kuungua. Tulikuta duara jeusi lenye upana wa sahani, linafuka moshi, na vifaranga wamebanana kwenye ukingo wa mbali. Dakika chache zaidi na chumba kingewaka. Tangu siku hiyo taa yetu hushikwa na mnyororo pamoja na waya wa pili wa akiba, kila kimoja kikiwa kimefungwa mahali pake, na haiteremki chini ya sentimita 45 kutoka kwenye maranda. Holda iwe ya kauri, kwa kuwa ya plastiki huyeyuka. Balbu iwe na kizuizi cha nyavu mbele yake. Na vumbi linalotua juu yake lipanguswe mara kwa mara taa ikiwa imezimwa na kupoa. Balbu zilizopakwa utando wa kuzuia vioo kutawanyika ziepukwe, kwani baadhi ya tando hizo zikipata moto hutoa mvuke unaoua ndege.

Mwenye uwezo wa kupata bamba la joto, tunamshauri alichukue. Hutumia umeme mdogo sana kuliko taa, halina balbu ya kupasuka, na vifaranga hujibanza chini yake kama chini ya mama. Upungufu wake ni kwamba halipashi hewa ya chumba, hivyo katika chumba chenye baridi kali halitoshi peke yake. Kuhusu jiko la mkaa hatuna maneno ya kubembeleza: hata likiwa halitoi moshi hata kidogo, hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoua vifaranga na watu waliolala chumba cha jirani. Umeme ukikatika, chupa za maji ya moto zilizoviringishwa kwa kitambaa, zikibadilishwa zinapopoa, zitawavusha usiku, mradi tu usifunike bruda ikakosa hewa.

Kwa sababu ya yote haya tumebadilisha utaratibu wetu. Mteja huwasha bruda saa 24 kabla ya kupokea vifaranga, kisha hutupigia simu na kututajia vipimo viwili, kimoja cha chini ya taa na kingine cha upande wa pili. Vipimo hivyo vikilingana, boksi halitoki kwetu siku hiyo.