Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa chama cha wapenda tamthilia, Moshi, Jumamosi 30 Januari 2016

Ndugu Makamu Mwenyekiti, Ndugu Katibu, Ndugu Mhazini, wajumbe wa Kamati, wanachama wenzangu, pamoja na ninyi mliokuja leo kwa mara ya kwanza baada ya kusikia kuna chai na sambusa: itifaki imezingatiwa.

Mkutano Mkuu uliopita uliiagiza Kamati itafute tamthilia moja ya nyimbo na vichekesho ambayo chama kizima kitaifuatilia pamoja. Mlichoka, na mlikuwa na haki ya kuchoka. Kila mmoja alikuwa anaangalia lake nyumbani, halafu tukikutana tunabishana juu ya vitu ambavyo wenzetu hawajaviona. Agizo limetekelezwa. Tamthilia ni Galavant, iliyoanza kuonyeshwa na kituo cha ABC cha Marekani tarehe 4 Januari 2015. Msimu wa kwanza una vipindi vinane vifupi, visivyofika hata nusu saa kimoja. Wenzetu kule walivimaliza ndani ya Jumapili nne, viwili viwili. Sisi tumevila taratibu tangu Julai mpaka Desemba, na kwa maoni yangu ndiyo namna bora ya kuvila.

Kwa faida ya wageni nieleze kisa kwa ufupi. Galavant ni shujaa wa upanga na farasi, wa zile enzi za ngome na wafalme wa Ulaya. Mfalme Richard anamteka mchumba wake, Madalena, ili amwoe kwa nguvu. Shujaa anakuja mbio, anavamia harusi, anawapiga walinzi, anasimama mbele ya bibi harusi na kumwaga maneno mazito ya mapenzi. Bibi harusi anamsikiliza mpaka mwisho, halafu anasema anaona ni heri abaki na mfalme, maana huko kuna mali na jina. Shujaa anarudi nyumbani kunywa pombe. Hapo ndipo hadithi inapoanza.

Jioni ile tulipoonyesha kipindi cha kwanza, projekta ilikwisha kuzimwa na watu hawakuondoka. Kina mama wa Majengo walisema Madalena hakukosea: hakuna aliyemuuliza anataka nini, si mfalme aliyemteka wala shujaa aliyekuja kumwokoa. Vijana wa Pasua walisema huyo ni tapeli na dunia imejaa wa aina yake. Mzee mmoja mwanachama, ambaye kwa kawaida hasemi, aliuliza kama mahari ilikuwa imeshatolewa. Mjadala ulihamia barabarani na najua uliendelea kwenye kipanya, yaani daladala ndogo, kwa kuwa kesho yake muuza duka ambaye si mwanachama aliniuliza huyo Madalena anakaa mtaa gani.

Mafanikio ya mwaka ndiyo hayo, na kama taarifa hii ingeruhusiwa kuwa na aya moja, ningeiacha ile iliyopita.

Lakini niseme pia kwa nini nadhani tamthilia hii imetushika sisi hasa, watu wa hapa. Wengi wetu tulikua na filamu za Kihindi, na tunajua kukaa tukimsubiri mtu amalize kuimba mlimani ili hadithi iendelee. Tumekua pia na taarabu, ambako mwimbaji anamsema jirani yake kwa sauti tamu na vinanda vya heshima, na anayesemwa yumo humo ukumbini anatunza. Galavant imeacha desturi ile ya kwanza na kuifuata hii ya pili, ingawa waliotunga sidhani wamewahi kusikia mpasho. Muziki ni wa Alan Menken, yuleyule aliyetunga muziki wa Aladdin na The Little Mermaid, mwenye tuzo nane za Oscar nyumbani kwake. Maneno ni ya Glenn Slater. Aliyebuni tamthilia ni Dan Fogelman. Menken hachezi na muziki hata kidogo. Ala zinapigwa kana kwamba mfalme kweli anastahili, sauti zinapanda kana kwamba penzi kweli ni la kufa na kuzikana, huku maneno yanasema upuuzi mtupu. Muziki ungejichekesha wenyewe, sisi tusingecheka. Walimu wa kwaya tulio nao wamelieleza jambo hili vizuri kuliko mimi, na naomba Katibu aandike maelezo yao kwenye kumbukumbu.

Mfalme Richard, anayechezwa na Timothy Omundson, ndiye aliyependwa kuliko wote. Nilitaraji wapende shujaa. Lakini Richard ni mtawala anayetaka kuogopwa asubuhi na kupendwa jioni, na hajui kwa nini vyote viwili vinamshinda. Mwaka wa uchaguzi, wanachama walikuwa na mengi ya kusema juu yake. Mengine nimeyazuia yasiingie kwenye taarifa hii, kwa kuwa katiba yetu inasema chama hakifungamani na upande wowote.

Kuhusu mahudhurio ya wanaume. Mtakumbuka miezi ya mwanzo viti vya nyuma vilikuwa vitupu. Wazee waliosema hiki ni kipindi cha watoto na cha kina dada walikuwa wengi, na Kamati ilikuwa haina dawa. Dawa ililetwa na Gareth, mlinzi wa mfalme, lile jitu la uso mgumu. Mwanachama mmoja wa mtaa wetu wa Soweto alikuja kumchukua mkewe, akasimama mlangoni na funguo za gari mkononi, akatazama pazia na kupaza sauti: huyu si Vinnie Jones? Ni yeye. Vinnie Jones wa Wimbledon, walioifunga Liverpool bao moja kwa bila Wembley mwaka 1988 na kuondoka na Kombe la FA, kiungo ambaye washambuliaji walikuwa wanamsikia kabla hawajamwona. Sasa amevaa ngozi na chuma, amesimama katikati ya nyimbo na uso wake uleule. Yule bwana hakuondoka. Wiki iliyofuata alikuja na wenzake wanne wa kijiwe cha kahawa, na kati yao wawili leo wamelipa ada ya mwaka mzima. Sijui Fogelman alimfikiria nani alipomchagua mchezaji huyu, lakini kwa Moshi alifanya kazi ya umisionari.

Lilijitokeza suala la kipindi cha watawa. Kuna nyumba ya watawa ambao nadhiri yao ni kuimba, na mmoja wao anachezwa na "Weird Al" Yankovic. Wanachama wawili waliiandikia Kamati barua kuuliza kama si dhihaka kwa dini. Kamati iliketi, ikakitazama kipindi kwanza, ikaamua kionyeshwe. Kilipoonyeshwa, waliocheka zaidi ni wanakwaya wa pande zote mbili, Wakatoliki na Walutheri, maana wanaijua kwaya kwa ndani: nani anataka kuongoza, nani anavuta sauti makusudi, nani haachi kuimba hata chai ikiwa mezani. Waandishi wa barua ile walihudhuria. Mmoja alicheka. Mwingine hakucheka, na haki yake hiyo naiheshimu.

Jambo la watoto ni tofauti, na hapo niko upande wa walioleta malalamiko. Sura ya tamthilia ni ya hadithi za watoto lakini utani wake mwingi ni wa wakubwa. Kuanzia Septemba tuliweka utaratibu kwamba mtoto anaingia na mzazi wake tu, na mzazi ndiye anayejibu maswali njiani kwenda nyumbani.

Lugha. Wapo waliopendekeza tufanye kama kwenye vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video mitaani, tuweke mtu wa kutafsiri kwa sauti juu ya picha. Tulijaribu jioni moja na kijana mwenye kipaji kweli. Kwenye maongezi alitufurahisha kuliko waigizaji wenyewe. Ulipoanza wimbo tukajikuta tumekosa vyote, wimbo hatuusikii na tafsiri hatuielewi. Tangu hapo Katibu anaandaa karatasi moja ya Kiswahili yenye kisa na kiini cha kila wimbo, inasomwa kabla, halafu taa zinazimwa. Gharama yake ni fotokopi tu. Kijana wetu tumempa kazi ya kuisoma karatasi hiyo kwa mbwembwe zake zote, na baadhi yenu nimewaona mnawahi kwa ajili yake.

Sasa viingilio. Suala hili limeletwa mara nyingi na litaletwa tena leo, kwa hiyo niseme msimamo wangu waziwazi. Vipindi hivi vilinunuliwa na shemeji wa mwanachama wetu aliyeko Marekani, akaja navyo kwenye kompyuta yake alipokuja likizo. Ni vyake, na ametukaribisha tutazame naye kama wageni wa nyumbani. Siku tutakayosimamisha mtu mlangoni na kitabu cha risiti, tumegeuka wafanyabiashara wa kazi ya watu wengine, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu mwaka 1999. Chama chetu kina wanamuziki humu ndani ambao nyimbo zao zinauzwa kwenye flashi pale stendi bila wao kupata hata nauli. Hatuwezi kulia nao mchana na kuwafanyia wengine vilevile usiku. Mkutano una mamlaka ya kuamua vinginevyo, lakini utaamua kwa kura na mimi nitapiga ya hapana.

Oktoba ulikuwa mwezi mgumu. Ukumbi tuliouzoea ulikuwa unakodiwa kwa mikutano ya kampeni mpaka karibu na siku ya kura, tarehe 25, na umeme ulikuwa ukikatika bila kuaga. Tulihamia sebuleni kwa mwanachama wa Rau mwenye jenereta, tukachangia mafuta. Jenereta lilikuwa na kelele kuliko maharamia. Na hao maharamia, kwa ambao hawakuwepo, ni maharamia ambao meli yao imekwama nchi kavu na bado wanajiita mabwana wa bahari. Watu wa mlimani tuliwaelewa upesi.

Tarehe 9 Desemba, Rais mpya, John Magufuli, alipoagiza sherehe za Uhuru zigeuzwe siku ya usafi, tulishika mafagio na majirani wa mtaa asubuhi, na jioni tukaonyesha vipindi viwili vya mwisho tukiwa bado na vumbi. Mahudhurio yalikuwa makubwa kuliko siku nyingine yoyote. Kipindi cha nane kinaishia pabaya: Madalena kakikalia kiti cha enzi na kumketisha Gareth pembeni yake, na Galavant na Mfalme Richard, mahasimu wawili, wako baharini kwenye meli moja. Kelele za siku ile nadhani zilifika hospitali ya KCMC.

Kisha likaja lile ambalo halikuwa kwenye mpango wa mwaka. Vijana waliomba tutunge kitu chetu. Wakaandika kisa cha mama anayeshuka kutoka Kibosho na mikungu ya ndizi, na konda anayemdai nauli ya mzigo, na abiria wote ndani ya kipanya ndio kwaya. Rasimu ya kwanza ilikuwa na nyimbo tisa nzuri na hakuna kilichotokea kwenye hata mmoja. Tukaweka kanuni tuliyoiona kwa akina Slater: ukiondoa wimbo na hadithi ikaendelea bila kuumia, wimbo huo hauna kazi, utoke. Zilibaki nyimbo nne. Katika wa tatu, abiria wanaanza kwa kumtetea mama, na kila ubeti mmoja wao anakumbuka kwamba anachelewa, hata unapoisha wote wanamwimbia ashuke. Mama anabaki barabarani na ndizi zake, na konda, peke yake, ndiye anayerudi kumsaidia kuzibeba, huku bado anadai nauli. Tuliigiza siku mbili baada ya Krismasi, wakati mji umejaa ndugu zetu wa Dar es Salaam waliokuja nyumbani. Hao ndio walioanza kuuliza tiketi zinauzwa wapi. Kwa kazi hii, Ndugu wanachama, kiingilio ni halali na naunga mkono.

Taarifa ya fedha ataisoma Mhazini. Mimi niseme tu kwamba ada haikupanda, hatudaiwi, na spika moja imeungua.

Yanayohitaji uamuzi wenu leo ni haya. Kwanza, viingilio, kama nilivyoeleza. Pili, kama kisa cha kipanya kirudiwe wakati wa Pasaka, na kama tukipeleke Arusha, ambako tumealikwa kwa mdomo lakini bado si kwa barua. Tatu, msimu wa pili wa Galavant. ABC waliutangaza Mei mwaka jana, wakati hata waliokuwa wanaipenda hawakutegemea, na ulipoanza tarehe 3 mwezi huu waigizaji walifungua kwa wimbo wa kushangaa kwamba nao wamerudishwa. Una vipindi kumi. Viwili vya mwisho vinaonyeshwa huko kesho. Shemeji yetu ameahidi kuja navyo Juni. Kamati inapendekeza tumsubiri, na inapendekeza pia azimio kwamba mwanachama yeyote atakayesoma mwisho wake mtandaoni kabla ya hapo asifungue mdomo kwenye shughuli za chama, na akifungua anunue spika.

Nne, uchaguzi. Muda wa Kamati hii umekwisha kikatiba. Daftari la wanachama na funguo za kabati viko kwa Katibu.

Naomba kuwasilisha.