Ndugu yangu wa kunyonya ziwa moja, hotpoti lenu liko kwangu

Shoga,

Nakuandikia mbele za watu kwa sababu simu zangu hupokei, na nikija kupiga hodi anatoka shemeji na lile tabasamu lake la mlangoni mwa kanisa, ananiambia umelala. Saa nne asubuhi! Wewe uliyekuwa ukinigongea dirisha kabla ya adhana ya alfajiri twende tukapange foleni ya mkate. Basi na wasome watu, pengine mmoja wao atakufikishia.

Krismasi hii ilikuwa ya kwanza bila Mama, mzazi wako aliyeninyonyesha na mimi. Ujinga wangu, mchana nilikaa barazani nikitega sikio, nangoja lile hotpoti la kijani. Miaka yote likija kutoka kwenu saa saba, limefungwa kanga, na mimi nikilirudisha Idi na pilau au visheti, maana chombo cha watu hakirudi kitupu. Saa nane kimya, saa tisa kimya. Ndipo nikakumbuka: litakujaje, na liko kabatini kwangu? Lilikuja Pasaka, ikawa nilirudishe Idi Kubwa, na Idi Kubwa ndiyo Mama aliyougua. Nikalitoa nikaligeuza. Chini yake bado ipo ile herufi ya jina lake, kaiandika mwenyewe kwa rangi ya kucha nyekundu lisije likapotelea misibani. Imekwanguka upande mmoja.

Umenitangulia siku tisa, na siku tisa hizo umezitumia umri mzima kuniamrisha. Siku ile Mama yu kitandani pia. Ulisimama mlangoni ukasema, "Familia tu." Familia! Bimkubwa wangu alipopelekwa hospitali na homa ya uzazi, ni nani aliyeninyanyua mkekani akanipa titi la kushoto, la kulia unalo wewe? Wiki saba. Kwetu sisi Mashafi, Waislamu wa madhehebu ya Imamu Shafi, mtoto akinyonya mara tano kabla hajatimiza miaka miwili keshakuwa mtoto wa yule aliyemnyonyesha, awe Muislamu au asiwe. Kaka zako ni maharimu zangu, hawawezi kunioa, naingia kwenu kichwa wazi. Ni sheria ya dini yangu hiyo, si ya kwenu, inayosema Mama ni mama yangu. Halafu sisi ndio tunaoambiwa tunabagua.

Unaikumbuka Surat Maryamu? Najua unaikumbuka, maana ulihifadhi nusu yake kabla yangu, kwa kusikia tu, nikawa naona haya kwenda chuo cha Kurani. Nilikuwa nikijisomea uwani kwenu huku Mama anachagua mchele, chuya huku, vijiwe kule. Nikifika pale Bibi Mariamu kashikwa na uchungu, kauegemea mtende, anasema laiti angekufa kabla ya hayo, Mama anaacha sinia. Anataka nimpe kwa Kiswahili. Nampa: sauti ikamwita kutoka chini yake, usihuzunike, Mola wako kakuwekea kijito, tikisa shina la mtende zitakuangukia tende mbivu, ule, unywe, utulize jicho. Mama akasema, "Alhamdulillahi, angalau huko kwenu alipewa chakula." Kwa sababu kwenye Injili ya Luka kuna hori ya ng'ombe na nyumba ya wageni isiyo na nafasi, na hakuna anayeuliza mzazi kala nini. Mimi na wewe tukabishana, mtende au hori, hadi tukavutana nywele. Mama akatuamua: "Kwani mwanamke akishikwa anachagua pa kushikiwa?" Kesho yake tukaenda kuutikisa mnazi wa nyuma ya nyumba ya mwalimu, tuone. Likaanguka kuti kavu likakukwaruza bega. Alama unayo.

Shemeji alisema, nilimsikia kwa masikio yangu, kwamba Issa wetu si Yesu wenu. Mwambie akatafute lile Agano Jipya la bibi yake Mama, lile lililoliwa na mchwa pembeni. Juu limeandikwa Isa Masiya. Ndivyo Askofu Steere alivyomwita alipolitia kwa Kiswahili cha Unguja, na ndivyo wazee wa kanisa lenu la Kianglikana la Mkunazini walivyozoea kumwita, kabla Biblia ya 1952 haijawapa watu wa bara na wa pwani jina moja la Yesu. Na Kurani nzima kwa Kiswahili, wa mwanzo kuitoa ni kasisi wa hapohapo kwenu, Godfrey Dale, mwaka 1923. Aliitoa ili kutubishia, najua, lakini kwanza aliisoma yote. Sheikh Abdalla Saleh Farsy akaja na yake mwaka 1969, naye akawajibu waliomtangulia. Watu walipingana kwa vitabu, kurasa kwa kurasa. Sijasikia kwamba yuko aliyemtoa mwenziwe kwenye chumba cha mgonjwa.

Na mji huu kila mtu ana wake. Yule Banyani wa vitambaa alimtungika Yesu baina ya Krishna na Lakshmi, ubani mmoja kwa wote, na ukimuuliza anakwambia Mungu hushuka mara nyingi, kipi kilichomzuia asishuke na huko? Waahmadiya walimwambia baba yangu kwamba Issa aliteremshwa msalabani yu hai, akenda zake mpaka Kashmir, akafa mzee, na kaburi liko Srinagar. Baba akawapa kahawa, hakuwapa jingine. Mayahudi ndio wenyewe, kazaliwa kwao, na kwao Masihi aliyeahidiwa hajafika bado. Sisi tunasema atarudi, nyinyi mnasema atarudi. Mama alikuwa akicheka, anasema siku hiyo mtamgombania kama wachukuzi wa bandarini na sanduku la mgeni.

Lakini chumba kile, shoga. Nikifumba macho nakiona. Kitanda cha samadari, pazia limepigwa fundo, feni inagonga kila ikizunguka. Asubuhi padre wa Mkunazini alishafika, kampaka Mama mafuta, kanywa chai na mimi, kaniuliza hali ya magoti. Hakuona ajabu kunikuta. Alasiri Mama akafungua macho akasema, "Nisomee ile ya mtende." Wewe hukuwapo, ulikwenda gatini kuwapokea watu wa kanisa la mumeo waliokuja na boti. Nikasoma kwa moyo, polepole. Msahafu sikuushika, kwa kuiheshimu nyumba. Alikuwa na ule msalaba wake mdogo wa mbao kifuani, vidole vinautomasa, na midomo inanifuata, hata Kiarabu chenyewe alikuwa keshakizoea. Nimefika kwenye "usihuzunike" mkaingia. Watano.

Ukasema, "Funga."

Nikasema sina cha kufunga, nasoma kwa moyo.

"Basi funga mdomo."

Umri huu, mbele ya wageni, mbele ya Mama. Ndipo ikaja ile "familia tu", na shemeji akaongeza kwamba mgonjwa asichanganywe roho.

Mtaa mzima una nusu ya kisa, ile yako: kwamba niliutukana msalaba mbele ya mtu anayekata roho. Hawaambiwi "funga mdomo". Sasa wameambiwa. Na mimi nitasema langu, maana sikuja hapa kujisafisha. Nilisimama, nikasoma ile aya ya Suratun Nisaa juu ya Issa, hawakumuua wala hawakumsulubu bali walifananishiwa. Nikaisoma kwa Kiarabu, kisha nikaitia kwa Kiswahili neno baada ya neno, kwa sauti, ili shemeji na wageni wake waelewe. Nikamalizia kwamba Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa.

Vidole vya Mama vikasita. Akageukia ukutani. Kutwa ile hakutaka maji wala uji, na siku ya tatu akenda zake. Mpaka leo sijui siku ile alimpa mgongo nani, mimi au wewe.

Unataka niseme nini? Aya si yangu, sikuitunga mimi, na siwezi kuificha mvunguni ili tukae vizuri msibani. Naamini hivyo. Naamini Mungu hakumwachia Masihi wake, neno lake alilompelekea Mariamu, afe vile mikononi mwa watu wale. Alimnyanyua. Kwetu kusema hivyo ni kumwekea heshima. Na wewe unaamini kwamba bila msalaba hakuna chochote, na ukiniachia huo utakuwa umeniachia dini yako nzima. Sikuombi uniachie. Si jambo dogo hili, na hao wanaosema sote ni kitu kimoja tu, majina tofauti, huwa nawaona hawajasoma chuo cha upande wowote. Tungeweza kulibishania mpaka kaburini, kama tulivyobishania hori na mtende. Wewe ndiye uliyeanza. Ungeniacha nimalize ile ya mtende, zimebaki aya chache, mtoto anasema mikononi mwa mamake kwamba yeye ni mja wa Mungu, kisha ningeinuka mwenyewe nikakupisha.

Isipokuwa kuna jambo ambalo Mama alinionyesha mimi, na sijui kama na wewe alikuonyesha.

Nilikuwa na miaka kumi na sita, nimeanza ujuvi wa dini. Nikamuuliza vipi mtu mzima anamwabudu aliyepigwa na kutemewa mate. Hakukasirika. Akanichukua mkono mpaka kanisani, akanisimamisha mbele ya madhabahu. Hapa palikuwa soko la watumwa, akasema, Sultani Sayyid Barghash kalifunga mwaka 1873, na Krismasi ya mwaka uleule jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Na papa hapa penye madhabahu, wazee wanasema, ndipo uliposimama mti wa kufungia watu wakichapwa viboko. Bibi yake yeye Mama alilelewa Mbweni pamoja na watoto waliokombolewa majahazini. Hakujua kabila lake wala jina la aliyemzaa. "Bibi alipoambiwa yuko Mungu aliyefungwa akachapwa," akasema Mama, "hakuuliza swali la pili."

Nilikuwa nalijua hilo. Miaka arubaini nalijua. Na bado nikayasema niliyoyasema, naye kaushika ule msalaba.

Nishauri kidogo, ingawa hukuniomba. Usiwape wanao Yesu anayeogopa mtende. Mama alikuwa akiwasha mshumaa kwa Bibi Mariamu, na huko ulikohamia wanakwambia ni sanamu, kwa hiyo ukitazama vizuri, mimi na Mama kwa Bibi Mariamu tulikuwa karibu kuliko wewe na yeye. Wanawake wangapi Kurani imewataja kwa jina? Ni huyo mmoja. Mama aliposikia hivyo alinitaka nirudie mara mbili, akaenda kumhadithia padre. Sisemi haya nikuchome. Au labda ninasema nikuchome, sijui, magoti yananiuma na umeme umekatika.

Wala usidhani huku kwangu ni shwari. Mwanangu wa mwisho tangu arudi masomoni ananiambia kula chakula cha Krismasi ni kuikubali. Alininong'oneza hayo siku ya msiba, nimekaa barazani kwenu na buibui langu kama mpita njia, kengele inalia, jeneza linateremshwa ngazi zile zenye kona, na mimi nawaza watalipitisha vipi, kabati tu lilitushinda. Uso sikuuona. Nilitaka kumuosha, mtoto wa kike humuosha mamake. Najua mna utaratibu wenu. Lakini hata kuulizwa? Hata maji ya kushika ndoo? Yule mtoto wangu akasema, mama twende, hapa si petu. Nikamwambia kitu cha mwanzo kilichoingia mdomoni mwangu duniani kilitoka ghorofani humu. Akanyamaza. Bora yeye alinyamaza.

Nasikia nyumba mnaipangisha kwa wageni wa hoteli. Sina la kusema, ni yenu. Ule msalaba wa mbao sijui Mama mlimzika nao au uko kwenye droo. Siutaki, nitauweka wapi mimi. Nataka kujua tu.

Hotpoti nimeliosha kwa majivu, likang'ara. Pilau sikupika, nimelijaza tende, zile laini alizokuwa akizipenda, zisizotaka meno. Mtoto wa jirani mwenye baiskeli atalileta Ijumaa kabla ya sala. Nimemwambia asimpe shemeji. Aliweke kwenye ngazi ya chini, agonge mara tatu kama tulivyokuwa tukigonga, aondoke. Kifuniko kimepasuka, hakikazi tena, na paka wa Mkunazini unawajua. Usichelewe kuteremka.