Tiba shufaa nayo inahitaji madaktari bingwa wake

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie sentensi moja ambayo sisi madaktari wa hospitali za wilaya huisoma mara kwa mara kwenye barua za wagonjwa wanaorudishwa kutoka hospitali kubwa. Huandikwa chini kabisa, baada ya majibu ya vipimo na idadi ya mionzi aliyopigwa mgonjwa, nayo husema kwamba mgonjwa arejee nyumbani na aendelee na tiba shufaa katika kituo kilicho karibu naye. Kituo hicho ndicho ninachofanyia kazi. Nina miaka 14 ya udaktari katika wilaya moja ya Nyanda za Juu Kusini, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo sentensi ile imenikabidhi mgonjwa ambaye sikuwahi kufundishwa namna ya kumtibu.

Kwa wasomaji ambao neno hili ni geni kwao, tiba shufaa ni matibabu ya mtu mwenye ugonjwa unaotishia uhai wake, hasa ule ambao hautarajiwi kupona, yanayolenga kumwondolea maumivu na mateso mengine ya mwili, na kumsaidia yeye pamoja na wanaomuuguza katika yale yanayowaelemea moyoni. Aliyelichagua neno alichagua vizuri, kwa kuwa shufaa ni kumsimamia mtu mbele ya mwenye uwezo, na mgonjwa aliyezidiwa na maumivu hana nguvu ya kujisemea. Hata hivyo watu wengi, wakiwamo madaktari wenzangu, huamini kwamba tiba shufaa ni kukaa pembeni na kuacha mambo yaende yenyewe. Kwa ruhusa ya familia, nitaeleza kisa kilichonifundisha kwamba sivyo.

Mama mmoja aliyepita kidogo miaka 50 alirudi kijijini akiwa na saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake wa nchi yetu. Alisafiri kwa basi siku nzima akiwa ameegemea ubavu mmoja, kwa sababu hakuweza kukaa. Tulikuwa na bahati mbili: morfini ya maji, dawa kali ya kutuliza maumivu, ilikuwapo katika kabati letu lenye kufuli mbili, na tulikuwa na sista mmoja aliyewahi kusoma kozi ya tiba shufaa Kampala. Sista huyo ndiye aliyenionyesha kazi. Tulianza na miligramu 5 kila baada ya saa 4, bila kungoja maumivu yarudi ndipo tumpe, na dozi ya wakati wa kulala tukaiongeza mara mbili ili mama na binti yake wasilazimike kuamka usiku wa manane kwa ajili ya dawa. Kwa kuwa morfini hufunga choo, dawa ya kulainisha choo ilianza siku hiyo hiyo, na sista alimwambia binti kwamba ikiisha kabla ya siku ya kliniki, mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa zitamsaidia. Dawa yenyewe aliibeba katika chupa iliyokuwa ya maji ya kunywa, maji ya kijani ndani yake, pamoja na bomba la sindano lisilo na sindano la kupimia.

Kwa wiki tatu mama yule aliishi. Tulipomtembelea tulimkuta amekaa nje kwenye mkeka, anachambua mboga na kumgombeza mjukuu. Dozi ilikuwa imepanda hatua kwa hatua hadi miligramu 15, kama inavyotakiwa.

Wiki ya nne mikono yake ilianza kurukaruka yenyewe. Alikuwa anashtuka usingizini, akiita watu waliokwisha kufariki na kuwaonyesha kwa kidole pale ukutani. Ndugu walisema dawa imempanda kichwani, nami kwa hofu niliyoibeba tangu chuoni, ambako morfini tulitajiwa zaidi kwa hatari zake kuliko kwa faida zake, niliisimamisha siku hiyo hiyo. Maumivu yalirudi yote kwa pamoja. Kwa siku mbili mama yule alilia kwa sauti ambayo majirani waliisikia, na sisi tulikuwa tunampa parasetamoli.

Sista ndiye aliyempigia simu daktari aliyemfundisha Kampala. Kabla ya jambo lolote daktari yule aliuliza mama anapata mkojo kiasi gani kwa siku. Hatukuwa tumepima. Alitueleza kwa dakika chache jambo ambalo kwake lilikuwa la kawaida kabisa: saratani ya mlango wa kizazi ikienea hubana mirija inayotoa mkojo kwenye figo, figo hushindwa kufanya kazi, na mabaki ya morfini ambayo kwa kawaida hutoka na mkojo hulimbikizana mwilini hadi yanasababisha misuli kuruka na akili kupotea. Mgonjwa wetu hakuwa amelevywa na dawa wala hakuwa amepagawa, alikuwa na figo zilizofeli. Tuliirudisha morfini kwa dozi ndogo, tukaiachanisha kwa saa 8 badala ya 4, na jioni ya siku iliyofuata alimtambua binti yake na kuomba aogeshwe. Aliishi siku tisa zaidi, na katika siku hizo aligawa kanga zake mwenyewe, moja moja, akisema ipi ni ya nani.

Baada ya mazishi binti alikuja hospitali kurudisha dawa iliyobaki, kama alivyoelekezwa, ili ipimwe na kuandikwa kwenye daftari. Aliniamkia, akaniuliza, "Zile siku mbili, daktari, mlikuwa mnasubiri nini?" Nilimjibu kwamba nilikuwa sijui la kufanya. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama anatakiwa kusaini.

Nimekieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu kinaonyesha mahali hasa ambapo pengo lipo. Mara nyingi tunapoomba elimu ya tiba shufaa tunaandaliwa semina ya siku tano, na sina neno baya juu ya semina hizo, kwani yote tuliyofanya katika wiki zile tatu nzuri yanaweza kufundishwa kwa kozi fupi. Kilichotushinda ni wiki ya nne. Wiki ya nne inahitaji mtu aliyekwisha kuwaona wagonjwa wa namna hiyo kwa mamia, anayejua ni lini morfini ipunguzwe na ni lini ibadilishwe kwa methadoni au fentanili, dawa nyingine kali za maumivu, anayetofautisha maumivu ya mshipa wa fahamu uliobanwa na maumivu ya mfupa, anayejua kwamba mgonjwa wa saratani anayelalamika leo asubuhi kuwa miguu inaisha nguvu anahitaji deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe, na mionzi kabla uti wa mgongo haujaharibika kabisa. Mtu huyo hapatikani kwa semina. Hupatikana kwa miaka kadhaa ya kufanya kazi chini ya usimamizi, kama tunavyompata daktari bingwa wa upasuaji au wa watoto.

Mimi nilisoma shahada ya udaktari kwa miaka 5, na ninachokumbuka kuhusu mgonjwa anayeelekea kufa ni mhadhara mmoja wa alasiri. Wodini ilikuwa vigumu kuongeza kitu, kwa kuwa jopo la madaktari lilipofika kwenye kitanda cha mgonjwa asiyepona lilisimama muda mfupi kuliko kwenye vitanda vingine. Mwanafunzi huiga anachokiona. Pasipokuwa na bingwa wa tiba shufaa anayesimama kwenye kitanda kile na kuuliza maswali, hofu ya morfini hurithishwa kutoka kwa daktari mmoja hadi mwingine, hata kama vitabu vinasema vinginevyo.

Wenzetu waliotangulia walilitambua hili. Cicely Saunders wa Uingereza alikuwa muuguzi, kisha ofisa ustawi wa jamii, na alipotaka kuwahudumia watu wanaokaribia kufa alishauriwa na daktari mmoja wa upasuaji akasomee udaktari kwanza, kwa kuwa madaktari ndio wanaowakimbia wagonjwa wa aina hiyo. Alikubali, akahitimu akiwa na miaka inayokaribia 40, na mwaka 1967 alifungua St Christopher's Hospice, nyumba ya kuwahudumia wagonjwa wanaokaribia kufa, mjini London. Miaka 20 baadaye, mwaka 1987, nchi yake iliitambua tiba shufaa kuwa fani kamili ya udaktari bingwa. Marekani iliitambua kama fani ya ubingwa bobezi mwaka 2006.

Asiseme mtu kwamba hayo ni ya nchi tajiri. Hapo jirani, Uganda, Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993 akiwa na fedha kidogo na fomula rahisi ya kuchanganya unga wa morfini na maji, na mwaka 2004 nchi hiyo ilibadili kanuni zake ili wauguzi na maofisa tabibu waliosomea fani hii waruhusiwe kuandika morfini. Chuo Kikuu cha Cape Town nacho kwa zaidi ya miaka 20 kimekuwa kikiwafundisha madaktari fani hii katika ngazi ya uzamili, wengi wao wakisoma huku wakiendelea na kazi katika hospitali zao. Hata kwetu hatuanzi kutoka patupu. Taasisi ya saratani ya Ocean Road jijini Dar es Salaam, hospitali za kanisa la Kilutheri (KKKT), Selian kule Arusha na Muheza mkoani Tanga zimekuwa zikiwafuata wagonjwa majumbani kwa miaka mingi, nami nimekutana na wauguzi kutoka baadhi ya maeneo hayo ambao ningependa wangekuwa walimu wangu.

Kuna hoja mbili ninazokutana nazo kila ninapolitaja jambo hili. Ya kwanza husema kwamba nchi yenye uhaba wa mabingwa wa kuokoa maisha haina nafasi ya kusomesha bingwa wa wanaokufa. Naiheshimu, kwa sababu anayeitoa kwa kawaida ameshawahi kumpoteza mtoto au mzazi kwa kukosa bingwa. Lakini wagonjwa hawa tayari tunao wodini na majumbani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu milioni 56.8 wanahitaji tiba shufaa, zaidi ya nusu yao wakiwa bado hawajafika mwaka wao wa mwisho wa uhai, na kwamba ni karibu asilimia 14 tu ya wanaoihitaji duniani ndio wanaoipata. Asiyetibiwa vizuri hugharimu pia: hulazwa tena na tena, familia huuza ng'ombe na shamba kumpeleka hospitali ya tatu na ya nne kutafuta nafuu ya maumivu ambayo chupa moja ya dawa, ikitumiwa na anayejua, ingeyatuliza palepale kijijini.

Hoja ya pili ni kwamba kazi hii ni ya wauguzi. Kwa sehemu kubwa ni kweli, na aliyenifundisha mimi ni muuguzi. Lakini sista yule alihitaji saini yangu kwa kila mililita ya morfini, na siku nilipoamua kuisimamisha hakuwa na mtu wa juu yangu wa kumwendea isipokuwa yule wa Kampala, aliyempigia kwa salio la simu yake mwenyewe. Angekuwapo bingwa katika hospitali ya rufaa ya mkoa wetu, zile siku mbili zingekuwa saa mbili.

Kwa hiyo naiomba Wizara ya Afya, pamoja na vyuo vya Muhimbili, KCMC na Bugando, iweke lengo la kuwa na daktari bingwa wa tiba shufaa katika kila hospitali ya rufaa ya mkoa, na fani hii ipewe nafasi katika ufadhili ambao serikali imekuwa ikiutoa kwa ajili ya kusomesha mabingwa na mabingwa bobezi. Mafunzo yenyewe yasiishie wodini. Daktari anayesomea fani hii anapaswa kutumia miezi mingi akiingia nyumba za watu, kwa sababu huko ndiko atakakojifunza namna ya kuzungumza na familia inayomwambia mlangoni, "Tafadhali daktari, usimwambie mama," wakati mama mwenyewe ameshajua na anawaficha wao. Nami nasisitiza zaidi suala la ikama, kwa kuwa nimeona madaktari wakienda kusoma fani adimu na kurudi kupangiwa kliniki ya kawaida kwa vile cheo chao hakikuwa na nafasi. Nafasi iandaliwe kabla daktari hajaondoka, iwe na jukumu la kufundisha wanafunzi na kupokea simu kutoka wilayani, na morfini iwepo kwenye kabati atakaporudi, maana bingwa asiye na dawa atakuwa na maneno tu ya kumpa mgonjwa.

Kambi ya madaktari bingwa ilipofika katika halmashauri yetu tuliwapokea kwa furaha kubwa. Alikuwapo wa wanawake na uzazi, wa watoto, wa upasuaji, wa magonjwa ya ndani na wa usingizi, na watu walipanga foleni tangu alfajiri. Siku ya tatu wana wawili walimleta baba yao kwa bajaji, saratani ya tezi dume imeshaingia kwenye mifupa, na wale mabingwa walimwangalia kwa upole mmoja baada ya mwingine, kisha wakamrudisha kwangu.

Nina umri wa miaka 43. Nafasi ya masomo ikitangazwa, nitaomba, ingawa najua kwamba kuondoka kwangu kutaiacha hospitali yetu na madaktari wawili, jambo ambalo halmashauri italazimika kulitafutia jibu kabla ya kuniruhusu. Sista tumeshazungumza naye. Amesema yeye ataendelea kushika ufunguo wa kabati, ila nirudi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Daktari wa wilaya,
Nyanda za Juu Kusini